Mkesha wa dansi: THON ya Penn State au Dance Marathon ya Iowa?

Mikesha hii miwili ya vyuo vya Marekani huendeshwa na wanafunzi wenyewe, na yote huchangisha fedha kwa ajili ya watoto wenye saratani. Tofauti inaanzia miguuni. Iowa ni saa 24. Penn State ni saa 46, hakuna kulala, hakuna kukaa. Ikifika usiku wa pili visigino vinawaka moto, na soksi kavu inakuwa zawadi kubwa kuliko chakula.

Kwa umri na fedha THON iko mbele: ilianza 1973, Iowa ikafuata miaka ya 1990, na mwaka 2024 THON ilikusanya zaidi ya dola milioni 16. Ila mimi hutazama zinakokwenda. Tangu 1977 THON inachangia mfuko wa Four Diamonds, ulioanzishwa na wazazi wa Christopher Millard, aliyefariki kwa saratani akiwa na miaka 14. Mfuko hulipia matibabu yasiyogharimiwa na bima katika hospitali ya watoto ya Hershey. Mzazi anauguza mwanawe bila kuwaza bili. Hilo kwangu ni kubwa mno.

Iowa ina uzuri wake: hospitali ya watoto iko palepale chuoni, jirani na uwanja wa mpira wa Kimarekani. Kwa anayeanza, ningemwambia aende huko.

Lakini dakika za mwisho za THON hazina mfano: mabango yenye tarakimu za jumla ya fedha zilizokusanywa yananyanyuliwa, ukumbi mzima unalia.