Rimoti ya Bluetooth kwa Kicheza Muziki cha Mfukoni: Inafaa, Lakini Si kwa Kila Kicheza

Kicheza muziki cha mfukoni hutengenezwa ili kishikwe mkononi, lakini muda mwingi hakimo mkononi. Kimo ndani ya mfuko wa koti, kimezama katika begi la mgongoni, au kimelazwa juu ya rafu kikiwa kimeunganishwa na spika, na kila mara msikilizaji anapotaka kuruka wimbo au kupunguza sauti hulazimika kukitafuta, kuwasha skrini, kuifungua, kisha kugusa alama ndogo ambayo kidole kilicholowa jasho hakiigusi sawasawa. Rimoti isiyo na waya imekusudiwa kuondoa usumbufu huo. Ninayoitathmini hapa ni ile ndogo ya duara, yenye vitufe vitano na betri bapa, inayotumia Bluetooth na kuuzwa kwa majina mengi huku umbo lake likibaki karibu lile lile. Nimeitumia pamoja na vicheza viwili, kimoja kikiendeshwa na Android na kingine kikiwa na mfumo wake rahisi uliobuniwa na mtengenezaji mwenyewe, na kwa jumla ninaipendekeza kwa moyo mweupe, mradi mnunuzi ahakikishe kwanza kwamba kicheza chake kinaweza kuipokea.

Sharti hilo ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu maandishi ya kwenye boksi husema tu kwamba rimoti inatumia Bluetooth, na msomaji hudhani kwamba kifaa chochote chenye Bluetooth kitaelewana nayo. Sivyo. Rimoti nyingi za aina hii hujitambulisha kwa itifaki (kanuni za mawasiliano) ya HID, ambayo ndiyo inayotumiwa na kibodi na vipanya, na kila kitufe kinapobonyezwa hutuma ishara ile ile ambayo kibodi ya kompyuta ingetuma kwa kitufe chake cha kucheza au cha kuongeza sauti. Android huielewa ishara hiyo bila programu ya ziada, na iPod touch, kicheza cha Apple chenye skrini ya kugusa, nayo huielewa. Vicheza vyenye mfumo mwepesi, kwa upande mwingine, mara nyingi vimewekewa Bluetooth kwa kazi moja tu ya kupeleka sauti kwenye visikilizi au spika, na amri pekee vinazozikubali ni zile zinazorudi kutoka kwenye kifaa hicho hicho kinachopokea sauti, kwa itifaki ya AVRCP. Kicheza changu cha pili kiko katika kundi hilo: kiliitafuta rimoti, hakikuiona kabisa, na hakuna badiliko la mipangilio lililosaidia. Kosa halikuwa la rimoti, na wala halikuwa la kicheza; vilikuwa vifaa viwili visivyozungumza lugha moja, na muuzaji makini angepaswa kulieleza jambo hilo kabla ya kupokea fedha.

Kwenye kicheza cha Android uunganishaji ulikuwa mwepesi, na tangu hapo kilichonivutia zaidi ni vitufe vyenyewe. Kitufe cha kati cha kucheza na kusimamisha kina kibonyeo kidogo ambacho kidole gumba hukipata bila kuangalia. Vya kuongeza na kupunguza sauti viko juu na chini, na vya kwenda mbele na kurudi nyuma viko kulia na kushoto. Mpangilio huu ni wa kawaida mno, lakini ukawaida wake ndio ubora wake, kwa sababu rimoti ambayo lazima itazamwe ili ibonyezwe haina faida kubwa kuliko kukitoa kicheza mfukoni. Kila kitufe hutoa mlio hafifu na huzama kiasi cha kumthibitishia mtumiaji kwamba amri imetoka. Upungufu wake ni kwamba duara halina mbele wala nyuma: rimoti ikigeuka ndani ya mfuko, kidole hukipata kitufe cha kati lakini hakijui upande upi ni wa kupandisha sauti. Ikifungwa kwenye usukani wa baiskeli au kwenye mkanda wa begi kwa kamba yake ya mpira, tatizo hilo huisha, na kwa maoni yangu hapo ndipo mahali pake halisi.

Kuna tabia moja ambayo mtumiaji mpya ataiona ni hitilafu, ilhali ni gharama ya kuokoa betri. Rimoti isipoguswa kwa muda hulala na kukata mawasiliano, na kitufe kinapobonyezwa tena hutumia kwanza sekunde moja au mbili kuamka na kuunganika upya. Wakati mwingine amri ya kwanza hupotea kabisa, na mtu anayebonyeza mara ya pili kwa kukosa subira hujikuta ameruka nyimbo mbili au amesimamisha na kuanzisha muziki papo hapo. Kwa anayesikiliza albamu nzima kwa utulivu, kuchelewa huko si kitu. Kwa anayehitaji kunyamazisha muziki ghafla ili amsikie mtu aliyemwita, ni kero ya kweli, na ningefurahi kama watengenezaji wangemwachia mtumiaji uhuru wa kuchagua muda wa kulala, hata kwa kupunguza maisha ya betri.

Tabia nyingine hutokana na Android yenyewe. Mfumo huo hupeleka amri ya kucheza kwenye programu ya sauti iliyotumika mwisho, si lazima iwe ile ambayo msikilizaji anaifikiria. Ukitazama video fupi kwenye kicheza hicho hicho kisha ukabonyeza rimoti ukitarajia muziki, inawezekana video ndiyo itakayoendelea. Dawa yake ni kuanzisha muziki kwa mkono mara moja, na baada ya hapo rimoti huufuata. Skrini iliyofungwa haizuii amri hizi, jambo ambalo ni zuri sana, kwa kuwa kicheza kinaweza kubaki kimefungwa mfukoni bila hatari ya kujibonyeza chenyewe huku rimoti ikiendelea kufanya kazi.

Kuhusu umbali, mita 10 zinazotajwa mara nyingi kwa vifaa vidogo vya Bluetooth hupatikana chumbani pasipo vizuizi. Mawimbi yake ni ya gigahezi 2.4, na mwili wa binadamu, ambao sehemu yake kubwa ni maji, huyafyonza kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana rimoti iliyo kwenye mkono wa kushoto na kicheza kilicho mfuko wa nyuma upande wa kulia huweza kukosana hata kwa umbali wa chini ya mita moja. Kuhamishia kicheza kwenye mfuko wa mbele hutosha.

Wapo watakaouliza kama rimoti za infraredi, kama zile za televisheni, hazingetosha. Kwa kicheza kilichokaa juu ya kitako chake (dock, yaani kishikizi cha mezani kinachokiunganisha na vifaa vingine) karibu na amplifaya, zinatosha, na zilishawahi kutumika vizuri: mwaka 2005 Apple ilitoa rimoti nyeupe ya infraredi yenye vitufe sita pamoja na kitako cha iPod kilichokuwa na kipokezi cha miale hiyo. Lakini miale ya infraredi inahitaji njia iliyo wazi kati ya rimoti na kipokezi, hufifishwa na jua kali, na haipenyi kitambaa cha mfuko, kwa hiyo nje ya chumba haina kazi. Baadhi ya makampuni yalijibu kwa rimoti za mawimbi ya redio zilizokuja na kipokezi kidogo cha kuchomeka chini ya iPod. Hizo zilipenya mifuko na hata kuta, ila kipokezi kilikula chaji ya kicheza na kuziba tundu lake, na Apple ilipoachana na plagi ya pini 30 mwaka 2012 na kuleta plagi ya Lightning yenye umbo tofauti, vipokezi hivyo havikuweza tena kuchomekwa moja kwa moja kwenye vifaa vipya. Ninaiona hiyo kuwa sababu nzito ya kuipendelea Bluetooth: haitegemei umbo la tundu lolote.

Mwenye simu janja anayo pia njia ya programu. Vicheza vya kampuni ya HiBy na vingi vya kampuni ya Shanling vina HiBy Link, njia ya kukiendesha kicheza kutoka kwenye simu, inayomwezesha mtumiaji kuyaona maktaba yote ya nyimbo kwenye simu na kuchagua albamu huku sauti ikitoka kwenye kicheza. Kwa kuchagua, rimoti ya vitufe vitano haiwezi kushindana nayo hata kidogo. Kwa kuruka wimbo gizani au barabarani, simu inarudisha usumbufu ule ule wa skrini, na rimoti inashinda.

Ni haki pia kusema ni nani asiyeihitaji. Visikilizi vya Bluetooth tayari vina vitufe au sehemu za kugusa, na vile vya waya vyenye vitufe kwenye waya navyo vinajitosheleza. Anayenufaika kweli ni mwenye visikilizi vizuri vya waya mtupu, hasa anayetumia tundu la milimita 4.4, ambalo miguso yake mitano yote hutumika kwa sauti na ardhi (ground) ya umeme na haliachi nafasi ya amri. Anayeunganisha kicheza na amplifaya kupitia tundu la laini (line out) naye ajue kwamba kwa kawaida kiwango cha sauti hapo hakibadiliki, hivyo vitufe viwili kati ya vitano havitafanya chochote.

Betri ni CR2032 ya volti 3, inayopatikana kirahisi na kudumu kwa miezi mingi kwa matumizi ya wastani. Kifuniko chake kwenye rimoti niliyonayo hufunguka kwa kuzungushwa tu, bila skrubu, na hapa sina upole na mtengenezaji: betri yenye kipenyo cha milimita 20 ikimezwa na mtoto inaweza kukwama kwenye umio na kuuunguza vibaya ndani ya saa 2. Mwenye watoto wadogo nyumbani atafute toleo lenye skrubu, na kama hakulipata, asiinunue rimoti hii.