Vitabu vya kuwanunulia watoto, vya kusoma na vya kusikiliza: kipi kitangulie

Mzazi anayemtafutia mtoto kitabu hutazama kwanza umri ulioandikwa kwenye jalada: miaka 6 hadi 8, miaka 9 hadi 12. Namba hizo ni makisio ya mchapishaji, na hazimjui mwanao. Ziache pembeni, kisha ushike jambo moja ambalo ndilo lililopanga orodha hii yote: mtoto ana ngazi mbili. Kuna ngazi anayoimudu akisoma mwenyewe kwa macho, na kuna ngazi anayoielewa akisomewa. Kwa sehemu kubwa ya utoto, ya pili iko juu kuliko ya kwanza.

Mwaka 1986, Philip Gough na William Tunmer waliandika kanuni ambayo walimu wa kusoma wanaitegemea mpaka leo. Walisema ufahamu wa mtu anaposoma hupatikana kwa kuzidisha vitu viwili: uwezo wa kuzigeuza herufi kuwa maneno, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Kwa kuwa ni kuzidisha, kimoja kikiwa sifuri jibu ni sifuri, hata kama kingine ni kikubwa namna gani. Hapo ndipo kosa la wanunuzi wengi linapoonekana. Wanampa mtoto kitabu kigumu akisome peke yake, wakidhani wanampandisha, halafu wanampa hadithi za kitoto mno za kusikiliza. Ingefaa wageuze: kitabu cha macho kiwe chepesi, ili mkono wake wa kusoma uzoee kazi, hadithi ya masikio iwe nzito kidogo, ili msamiati na uelewa vikue bila kuyangoja macho.

Wasomaji wa Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Lugha yetu huandikwa kama inavyotamkwa, kwa hiyo mtoto aliyeshika silabi anaweza kukusomea ukurasa mzima bila kujikwaa na asiambulie maana yoyote. Mzazi anafurahi, ananunua kitabu kinene zaidi, na mtoto anaanza kuvichukia vitabu bila mtu kujua kwa nini. Kabla ya kulipa, mpe asome ukurasa mmoja wa katikati, kifunge kitabu, kisha umwambie akusimulie. Akisimulia, nunua. Kipo pia kipimo cha vidole vitano: anakunja kidole kwa kila neno asilolijua, na vikifika vitano kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho kingoje. Kwa Kiswahili mimi naliamini zaidi lile la kusimulia.

1. Mfululizo wa vitabu vya sura fupi

Kama una fedha ya kitu kimoja tu, na mtoto ameshaanza kusoma mwenyewe, nunua hiki. Sehemu ngumu ya kitabu chochote ni kurasa za mwanzo, pale msomaji anapolazimika kujua nani ni nani, wako wapi na wana ugomvi gani. Katika mfululizo kazi hiyo hufanywa mara moja tu. Kitabu cha pili kinapofunguliwa, wahusika ni wenyeji wake, na nguvu yake yote inakwenda kwenye kusoma. Watu wazima huona mifululizo hii inajirudia. Kujirudia huko ndiko kunakomfanya mtoto asome kurasa nyingi, na wingi wa kurasa ndio unaoleta wepesi.

Tazama sura inayokwisha kwa dakika 10 hadi 15, herufi kubwa za kutosha, nafasi kati ya mistari, na mchoro kila baada ya kurasa chache. Tazama pia jinsi sura zinavyoishia: mwandishi hodari humwacha mtoto akitaka kugeuza ukurasa. Nunua kitabu cha kwanza peke yake. Lile boksi lenye vitabu vyote huonekana nafuu, lakini mtoto asipompenda mhusika mkuu, vitabu saba vitakaa kabatini. Boksi ni la kununua pale anapokuuliza kitabu cha tatu kiko wapi.

2. Kitabu cha sauti cha toleo kamili, chenye msomaji mmoja

Nakiweka cha pili kwa mtoto anayesoma, na cha kwanza kabisa kwa mtoto ambaye kusoma kunampa taabu. Huyu wa mwisho mara nyingi ana akili inayotaka hadithi kubwa na macho yasiyoweza kuifikia. Mpe hadithi hiyo kwa masikio, naye ataendelea kukua pamoja na wenzake wakati macho yanafuata nyuma. Si kudanganya, wala hakumwondolei hamu ya kusoma.

Kitu unachokinunua hapa, zaidi ya maandishi, ni koo la msomaji. Vitabu vya Harry Potter vilisomwa na Stephen Fry kwa toleo la Uingereza na Jim Dale kwa toleo la Marekani. Maandishi karibu yale yale, lakini mtu akimzoea mmoja, wa pili humwia mgeni. E. B. White, aliyetoa kitabu cha watoto Charlotte's Web mwaka 1952, alikuja kukirekodi mwenyewe, kwa sauti tulivu isiyo na mbwembwe, na rekodi hiyo bado inasikilizwa. Hakuwa mwigizaji. Aliiamini hadithi yake, akaisoma polepole.

Kwa hiyo usinunue kabla ya kusikia sampuli, na usiisikilize ukifanya kazi nyingine. Tega sikio kwenye mazungumzo: unajua nani anaongea hata kabla hujaambiwa? Watoto ndani ya hadithi wanasikika kama watoto, au kama mtu mzima anayebana pua? Anapumua wapi? Kwa Kiswahili kuna jambo jingine la kuangalia. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na msomaji asiyeizoea lugha, au aliyekuwa akisoma mbio, hujifichua hapo. Sauti za kompyuta huteleza zaidi kwenye nyimbo na viitikio vilivyomo ndani ya hadithi: zinavisoma kama taarifa, na mtoto aliyekuwa tayari kuitikia ananyamaza. Kwa habari fupi zinaweza kufaa. Kwa hadithi, lipia binadamu.

Hakikisha imeandikwa kuwa ni toleo kamili. Matoleo yaliyofupishwa hukata kwanza maelezo na vituko vya pembeni, na huko ndiko maneno mapya yanakoishi. Urefu wenyewe unaweza kuukadiria: wasomaji wengi wa vitabu hivi huenda kwa maneno kama 150 hadi 160 kwa dakika, yaani takriban maneno 9,000 kwa saa. Kitabu cha maneno 45,000 ni saa tano hivi. Ukikuta kinauzwa kwa saa mbili, kimepunguzwa, hata kama jalada halisemi. Kwa anayeanza, saa tatu hadi tano zinatosha; hadithi ya saa kumi na tano inahitaji uvumilivu ambao hujengwa taratibu.

3. Katuni na riwaya za michoro

Hapa najua nitabishana na wazazi wengi. Katuni ni kusoma. Mtoto anafuata mpangilio wa visanduku, anaunganisha alichokisema mhusika na uso wake, anajaza mwenyewe kilichotokea kati ya sanduku moja na jingine. Kwa mvulana au msichana wa miaka kumi aliyeapa kwamba vitabu havimfai, hiki ndicho cha kununua kabla ya vingine vyote. Angalia tu kwamba maandishi yanasomeka bila kukodoa macho, na upitie kurasa zote mwenyewe, kwa sababu michoro mingi ya katuni imekusudiwa watu wazima.

4. Vitabu vya picha

Vingi vina kurasa 32, kwa sababu za kiwanda zaidi kuliko za fasihi: karatasi kubwa ya mashine hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 8 au 16. Ndani ya kurasa hizo chache kila sentensi inapaswa kustahili nafasi yake, ndiyo maana kitabu kizuri cha picha huwa na lugha nzuri kuliko riwaya nyingi. Kipimo changu ni kukisoma kwa sauti mara mbili mfululizo. Kikikuchosha mara ya pili, kiache, kwa sababu nyumbani utaombwa ukisome usiku baada ya usiku. Kwa watoto wachanga tafuta kurasa za kadibodi ngumu. Na usiviondoe rafuni mtoto anapofikisha miaka saba.

5. Jozi: kitabu cha karatasi na sauti yake

Mtoto anafuata mstari kwa kidole huku msomaji anasoma. Inasaidia sana kwa anayejifunza lugha ya pili na kwa anayesoma kwa kusitasita. Imeshuka mpaka hapa kwa sababu ni kununua kitu kimoja mara mbili, na kwa sababu sauti ikienda mbio kuliko jicho, mtoto huacha kufuata na kubaki akisikiliza tu. Kabla ya kulipia, hakikisha maandishi ya kitabu na ya rekodi ni ya toleo moja.

6. Vitabu vya maarifa

Wanyama, mashine, nyota, mwili wa binadamu. Kuna watoto wasiojali hadithi hata kidogo na wanaomeza vitabu hivi. Kwa hao, kipandishe kiwe cha kwanza. Tazama mwaka wa kuchapishwa: kitabu kinachosema Pluto ni sayari ya tisa kimeandikwa kabla ya Agosti 2006, au kimenakiliwa bila uangalifu.

7. Maigizo ya sauti yenye waigizaji wengi

Yanafurahisha safarini. Milio na muziki hufanya kazi ambayo maneno yangefanya, kwa hiyo lugha hupungua. Chukua kwa ajili ya burudani.

8. Vitabu vikubwa vya zamani vyenye majalada ya kifahari

Vinanunuliwa sana kwa zawadi. Visomewe mtoto, au asikilize. Kumwachia avisome peke yake akiwa na miaka tisa ni kumfundisha kwamba vitabu vikubwa vinachosha.

Sasa njia ya kulipia, hasa kwa vitabu vya sauti. Anza na vya bure. Tovuti ya LibriVox, iliyoanza mwaka 2005, ina rekodi za watu waliojitolea kusoma vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha nchini Marekani. Wengi wanasoma kwa Kiingereza na ubora unatofautiana sana, kiasi kwamba kitabu kimoja kinaweza kubadilisha msomaji kila sura, kwa hiyo chagua rekodi zilizosomwa na mtu mmoja. Tovuti ya StoryWeaver, iliyoanzishwa na Pratham Books ya India mwaka 2015, ina vitabu vya picha vya leseni huria katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, na vingine vina sauti inayoambatana na maandishi. Kwa mtoto asiyeona, au mwenye shida ya kusoma maandishi yaliyochapwa, uliza maktaba kwanza: Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaziruhusu nchi zilizojiunga kutengeneza na kubadilishana nakala zinazowafaa bila kuomba idhini ya mwenye hakimiliki.

Usajili wa kila mwezi una maana kama nyumba inamaliza vitabu viwili au zaidi kwa mwezi. Watoto wadogo hurudia kitabu kile kile mara nyingi, na kwa hao ni afadhali kununua faili moja unaloweza kulihifadhi. Soma masharti, maana mara nyingi unachopewa ni ruhusa ya kutumia tu. Mwaka 2009, Amazon ilifuta nakala za vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye Kindle, vifaa vyake vya kusomea vitabu vya kidijitali, vya wateja waliokwisha kulipa; walirudishiwa fedha, lakini vitabu vilikuwa vimeondoka. Faili la MP3 lisilo na kufuli litacheza popote. Kwa kilobiti 64 kwa sekunde, ambazo zinatosha kwa sauti ya mtu anayesoma, saa moja huchukua karibu megabaiti 29, hivyo kitabu cha saa tano hakifiki 150.

Vipo pia vifaa vya watoto vya kusikilizia hadithi, visivyo na skrini, kama Toniebox inayotumia vinyago na Yoto inayotumia kadi. Mtoto wa miaka minne huviendesha mwenyewe, na hilo lina thamani kubwa. Gharama halisi ni vile vinyago na kadi utakavyoendelea kununua. Vyote viwili vinakuwezesha kuweka sauti uliyoirekodi mwenyewe, kwa hiyo kabla ya kuongeza kadi ya tatu, msomee kitabu anachokipenda, urekodi, ukiweke humo.

Kuhusu masikio, pendelea spika kuliko hedifoni. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wasizidishe desibeli 75 kwa saa 40 za wiki, ilhali hedifoni nyingi zinazouzwa kama salama kwao hukomea 85, na hizo desibeli 10 za ziada ni nguvu ya sauti mara kumi. Pamoja na hilo, sauti ikitoka kwenye spika nawe unaisikia hadithi, na likipita neno gumu unaweza kuisimamisha na kumuuliza ameelewa nini.