ERAS kwa anayeomba fani mbili za ubingwa: inambeba wapi, inamkwamisha wapi

Anayetaka kusomea ubingwa wa upasuaji wa mifupa au magonjwa ya ngozi nchini Marekani anajua kwamba kila mwaka madaktari wazuri hukosa nafasi katika fani hizo. Ndiyo maana wengi huomba pia fani ya akiba, tuseme magonjwa ya ndani. Maombi hupitia ERAS, mfumo wa mtandaoni wa AAMC, jumuiya ya vyuo vya udaktari vya Marekani, na huenda kwa programu, yaani idara za hospitali zinazofundisha ubingwa. Upangaji wa mwisho, yaani nani anakwenda programu gani, hufanywa na NRMP, chombo tofauti chenye usajili na ada yake. Tathmini hii inaupima mfumo huo kwa mahitaji ya mwombaji wa fani mbili peke yake.

Udhaifu mkubwa ni fomu kuu. Ni moja tu, na ukishaithibitisha na kuituma haibadiliki, isipokuwa taarifa chache kama za mawasiliano. Programu zote husoma fomu ileile. Ina nafasi 10 za uzoefu, kila moja herufi 750, na kati ya hizo unachagua 3 zilizo na maana zaidi kwako na kuziongezea herufi 300 kila moja. Ukizijaza zote utafiti wa mifupa, msomaji wa magonjwa ya ndani atajua mara moja kwamba yeye ni chaguo la pili. Katika zile 3, weka moja ya fani unayoitaka zaidi, na mbili zinazosimama popote: kufundisha wanafunzi, kliniki ya kujitolea, ufuatiliaji wa wagonjwa wa muda mrefu. Utafiti usiufiche, eleza ulichokifanya kwa mikono yako, kama kukusanya na kuchambua takwimu, maana ujuzi huo unahitajika kila idara.

Kwenye maelezo binafsi mfumo umejitahidi. Unaruhusiwa kuandika matoleo mengi na kuipangia kila programu lake. Yape majina yasiyochanganyika: “Mifupa” na “Ndani”, si “Toleo jipya 2”. Ukikosea unaweza kubadilisha hata baada ya kutuma, lakini programu iliyokwisha kupakua toleo la kwanza hailazimiki kusoma la pili.

Barua za mapendekezo ndipo watu wanapoumia. Unaweza kuhifadhi barua nyingi upendavyo, ila kila programu hupokea 4 tu, na barua ikishapangiwa programu uliyoiomba haiondolewi. Barua inayosema “atakuwa daktari bora wa upasuaji wa mifupa” ikitua magonjwa ya ndani, imeshatua. Na wewe huioni kabla, kwa sababu karibu kila mwombaji husaini kwamba ameacha haki yake ya kuisoma. Basi zungumza na mwandishi mapema: mwombe matoleo mawili, na kwa kila toleo tengeneza ombi lake ndani ya ERAS ili lipate namba yake. Asiyekuwa na muda wa kuandika mbili, aandike moja isiyotaja fani. Hesabu inayofanya kazi ni barua 3 za fani ya kwanza, angalau 2 za fani ya akiba, na moja ya jumla.

Ada, kwa mshangao mzuri, zinampendelea mwenye fani mbili. Katika msimu wa 2025 programu 30 za mwanzo zilikuwa dola 11 kila moja, na kila iliyozidi dola 30, huku hesabu ikianza upya kwa kila fani. Programu 30 za mifupa na 30 za magonjwa ya ndani ni dola 660. Programu 60 za fani moja ni dola 1,230. Kutuma matokeo ya USMLE, mtihani wa leseni ya udaktari wa Marekani, kulikuwa dola 80, kwa malipo ya mara moja.

Ishara za kuonyesha nia, yaani alama chache unazozituma kwa programu unazozitaka zaidi, nazo hutolewa kwa kila fani peke yake. Mifupa ilikuwa na 30 msimu huo, magonjwa ya ndani 3 za dhahabu (zenye uzito zaidi) na 12 za fedha. Za akiba zitumie zote, kwa moyo uleule. Kuziacha ni kosa la bure, kwani programu huona ishara iliyopewa yenyewe tu, haioni ulikopeleka nyingine. Kanuni za NRMP pia zinakataza programu kukuuliza umeomba fani gani nyingine. Hata hivyo, idara mbili za hospitali moja huongea, kwa hiyo fikiria vizuri kabla ya kuomba zote mbili mahali pamoja.

Angalia pia fani zilizo nje ya mfumo. Uzazi na magonjwa ya wanawake ilihamia ResidencyCAS, mfumo mwingine wa maombi, msimu huo wa 2025, kwa hiyo akiba ya namna hiyo inakudai fomu nyingine nzima. Magonjwa ya macho hupangwa na SF Match, chombo kingine cha upangaji, na matokeo hutoka kabla orodha ya NRMP haijafungwa. Hapo akiba bado ina nafasi ya kupangwa ukijua umesimama wapi.

Orodha ya vipaumbele ya NRMP ndiyo sehemu bora kuliko zote. Ni moja, inachanganya fani, na tangu 1998 hesabu yake huanzia kwenye chaguo la mwombaji. Kuweka magonjwa ya ndani namba 12 hakupunguzi hata kidogo uwezekano wa kupata mifupa namba 1. Usiweke tu mahali usipokubali kwenda, kwa sababu matokeo yanakufunga. Kwa magonjwa ya ngozi, ambako nafasi nyingi huanzia mwaka wa pili, jaza pia orodha ya nyongeza ya mwaka wa kwanza chini ya kila programu. Ukiisahau, unaweza kupata ngozi bila pa kuanzia.

Ikitokea umekosa kote, SOAP, mzunguko wa kuomba nafasi zilizobaki, huanza Jumatatu ya wiki ya matokeo, maombi 45 kwa juu kabisa, na muda wa kuandika ni mfupi mno. Maelezo binafsi na barua za jumla ziwe zimeshapakiwa tangu Februari.