Mashine ya kufyekea ya mgongoni: inafaa kiasi gani kwenye miteremko ya Tanga?

Kwenye kiwanja tambarare cha Chumbageni, mashine ya begani yenye usukani kama wa baiskeli inatosha kabisa. Ipeleke Amani au kwenye vilima vya nyuma ya Muheza uone: upande mmoja wa usukani unagonga ardhi ya juu, mwingine unaning'inia hewani, na mfyekaji anapinda kiuno ili kisu kilale sambamba na mteremko. Kwa kazi hiyo mashine ya mgongoni ni bora. Injini inakaa kwenye fremu mgongoni, mkononi unabaki na mpini mwepesi tu, na kisu unakielekeza juu au chini bila kugeuza mwili.

Tunayoipima hapa ni ya injini ya Honda GX35: sentimita za ujazo 35.8, mipigo minne, petroli tupu bila kuchanganya oili. Injini hii imeundwa kufanya kazi hata ikiinama. Oili yake ni lita 0.1 tu, kwa hiyo ikipungua kidogo imepungua sana. Pima oili mashine ikiwa mahali tambarare. Ukipima kwenye mteremko kipimo kitakudanganya. Mwaga oili ya kwanza baada ya saa 10 za kazi, kisha kila saa 50. Tangi ni dogo, lita 0.63, na kujaza lazima uivue. Tengeni mahali tambarare pa kujazia kabla kazi haijaanza.

Udhaifu wake mkubwa ni kebo inayozunguka ndani ya bomba la mpira kutoka injini hadi kwenye mpini. Ukiikunja sana, mfano kufyeka karibu na miguu yako mwenyewe, inapata moto, inakula bomba na mwisho inakatika. Kila baada ya saa 20 hivi ichomoe, ifute, ipake grisi nyembamba. Nyembamba kweli! Grisi ikizidi inasukumwa hadi kwenye klachi, na klachi yenye grisi inateleza: injini inalia, kisu hakina nguvu. Mafundi wengi hapo hukimbilia kufungua kabureta bure.

Kisu cha meno matatu kinatosha kwa majani marefu na vichaka vya lantana vyenye shina lisilozidi kidole gumba. Shina nene zaidi lipewe panga. Ukilazimisha, hasa kwa robo ya mbele ya kulia ya kisu, mashine itaruka na kukuyumbisha, na kwenye mteremko kuyumba ni kuanguka. Kisu kinazunguka kinyume cha mshale wa saa. Katia upande wa kushoto. Nati yake nayo hufunguka kwa kuzungusha kulia. Wengi wameivunja kwa kuilazimisha kushoto.

Mashamba ya mkonge yaliyotelekezwa yana adha yake. Nyuzi zinajiviringisha kati ya kisu na gia boksi, zinakata sili (mpira unaozuia grisi isitoke), grisi inavuja, gia zinasagika. Zima na uondoe nyuzi kwa kisu kidogo mara kwa mara, usisubiri gia boksi iwe ya moto. Majani ya mkonge yenyewe ni afadhali yakatwe kwa panga kwanza. Kwenye matumbawe ya kingo za bahari Raskazone, vua kisu ufunge kamba ya nailoni. Chuma kikigonga jiwe pale kinatoa vipande. Upupu usiuguse ukiwa umekauka: mashine inarusha manyoya yake hewani na kikosi kizima kinajikuna. Ufyekeni ungali mbichi.

Namna ya kufyeka inabadilika pia. Anzia chini, tembea kukatiza mteremko na bonde likiwa kushoto kwako, ili majani yadondoke kwenye mstari uliokwisha kufyekwa. Ukifika mwisho, rudi mtupu, panda hatua moja, anza tena. Mita 15 asikae mtu, na chini yako asiwepo kabisa, kwa sababu mawe yanabingirika. Acha visiki vya sentimita 10 hadi 15. Mteja atataka pasafishwe mpaka udongo uonekane. Mkatalie, hasa masika yakikaribia, maana udongo mtupu wa Usambara unashuka na mvua.

Kabla ya kulipa, jaribu mambo mawili dukani. Mkanda wa kubebea uvulike kwa mvuto mmoja, kwa sababu ukiteleza hutapata muda wa kutafuta vifungo. Halafu, injini ikiwa kwenye silensa (inazunguka polepole bila kuongezwa mafuta), kisu kisizunguke hata kidogo. Ulizia pia kebo na bomba lake la akiba. Duka lisilokuwa navyo liache, hata kama bei yake ni nzuri, kwani kebo ikikatika katikati ya mkataba hakuna kitu cha kuazima.