Duka la mabango Kariakoo lililoulinda mwezi wa Makemake

Walimu wenzangu mnaotafuta pa kuchapisha picha za ukutani, liko duka dogo Mtaa wa Msimbazi, ghorofani, juu ya wauza vitenge. Nendeni.

Nilipeleka kwenye flashi picha ya Makemake, sayari kibete iliyo ng'ambo ya Neptuni, iliyopigwa na darubini ya Hubble Aprili 2015. Picha hiyo ni mtihani kwa mchapaji yeyote. Makemake ni mng'ao mkubwa katikati ya weusi, na mwezi wake, MK2, ni nukta iliyobaki kidogo tu imezwe na mng'ao huo. Mwanga wake ni hafifu mara 1,300 kuliko wa Makemake. Sayari yenyewe iligunduliwa 2005, lakini mwezi ukaja kutangazwa Aprili 2016.

Kijana wa kwenye kompyuta alipoikuza picha akaniuliza, "Mwalimu, hili doa nilifute?"

Kwa swali hilo pekee nampa heshima yangu yote, maana wengi wangefuta kimyakimya wakidhani wananisaidia. Nikamweleza kwamba doa hilo lina upana wa kilomita 160 hivi, na huenda ni jeusi kama mkaa, ilhali Makemake imefunikwa na methani iliyoganda inayorudisha mwanga mwingi. Tena mzunguko wake ndio unaowapa wataalamu njia ya kukokotoa tungamo la Makemake. Akavuta kiti, akataka kujua uko mbali kiasi gani na sayari yake. Kilomita 21,000 hivi, nikamwambia.

Karatasi ya kwanza ilitoka na vialama viwili vyeupe pale wino ulipokosa kushika. Nikakataa: wanafunzi wangehesabu miezi mitatu. Akachapa upya bila kudai nyongeza, na yeye ndiye aliyeshauri karatasi isiyong'aa, kwa sababu ile ya kung'aa ingeakisi dirisha la darasa na nukta ingepotea.

Upungufu upo. Niliahidiwa saa nane, nikaondoka karibu saa kumi na moja, na ukingo wa chini umekatwa upande. Bei ni shilingi 12,000 kwa A1.

Kutoka madawati ya mbele MK2 unaonekana vizuri. Ya nyuma, hapana. Mfuko ukiruhusu, chapisheni A0, na mwambieni fundi mapema kwamba nukta ile isiguswe.