Mihula Miwili ya Sosholojia ya Kazi na Asasi: Tathmini ya Aliyeisoma

Nilisoma sosholojia ya kazi na asasi (yaani makundi ya watu yanayoendeshwa kwa kanuni na mamlaka) kwa mihula miwili katika shahada yangu ya kwanza, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wanaotaka kulichagua somo hilo wakidhani kuwa linafundisha namna ya kuwasimamia watumishi. Halifundishi hivyo. Menejimenti huuliza mfanyakazi afanyeje ili azalishe zaidi, ilhali somo hili huuliza nani aliyeweka kipimo cha uzalishaji, na kwa mamlaka gani.

Sehemu iliyofundishwa vizuri kuliko zote ni ya utafiti wa kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, uliofanywa kati ya 1924 na 1932 kuchunguza ni nini huongeza uzalishaji wa wafanyakazi. Husimuliwa mara nyingi kwamba wafanyakazi wale waliongeza bidii kwa kuwa watafiti waliwajali. Mhadhiri wetu hakuishia hapo: alituonyesha kwamba kati ya wanawake watano waliokuwa wakiunganisha vifaa vya simu katika chumba cha majaribio, wawili waliondolewa mapema 1928 baada ya kulaumiwa kwa maongezi mengi na kutotoa ushirikiano, kisha wengine wakaletwa mahali pao. Tulijadili kwa saa mbili nzima kama kweli anajaliwa mtu anayejua kwamba asiporidhisha ataondolewa. Kwa semina hiyo moja, sioni kuwa ada yangu ilipotea.

Kasoro kubwa ni kwamba historia ya kazi ya kwetu iliguswa juujuu. Nadharia ya mwanasosholojia Mjerumani Max Weber kuhusu urasimu, yaani uendeshaji wa kazi kwa kanuni na ngazi za vyeo, ilipewa wiki kadhaa, nayo inastahili, lakini mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam wa 1947, ulioenea hadi bara kwa kufuata reli, ulipita katika mhadhara mmoja. Mwongozo wa 1971, waraka wa sera wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ambao wafanyakazi wa viwandani waliutumia kuwakabili mameneja wenye dharau na ubabe, ulitajwa tu. Sijui ni mfano gani mwingine ungemfunza mwanafunzi wa Kitanzania vizuri zaidi jinsi mamlaka kazini yanavyohojiwa.

Zoezi la uwandani ndilo lililonisaidia kuziba pengo hilo. Kwa wiki tatu nilikaa na wabeba mizigo wa Kariakoo, watu wasio na mkataba wala ofisi, nikakuta zamu zinazoheshimiwa, mzee wa kijiwe anayeamua magomvi, na michango ya msiba ambayo asiyeitoa hujikuta hapewi mzigo. Nilipoandika ripoti ndipo nilipoelewa maana ya asasi, jambo ambalo maelezo ya ubaoni hayakuwa yamenipa.

Usomaji ni mwingi, karibu wote kwa Kiingereza, na nakala za maktaba hazikututosha. Anayefikiria kujisajili aulize kwanza kama zoezi la uwandani bado lipo. Likiwa limeondolewa, namshauri achague somo jingine.