Battle for Wesnoth: kila jeshi na saa yake

Mimi ni karani wa dagaa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Alfajiri mitumbwi ikifika naandika ndoo, nani kaleta ngapi, nani anadaiwa mafuta. Lakini kila mwezi kuna siku daftari langu halina kitu. Mbalamwezi ikijaa, taa hazivuti dagaa, na wavuvi wanabaki nchi kavu wakishona nyavu. Katika siku hizo mtoto wa kaka yangu, aliyekuja likizo, alinifungulia gemu hili la vita, Battle for Wesnoth, kwenye kompyuta mpakato yake. "Shangazi, hili litakufaa. Linaenda kwa zamu, halimkimbizi mtu." Sasa ni mwaka wa pili nalicheza, na nimeona niandike kuhusu majeshi yake, kwa sababu wengi wanaoanza hushika jeshi lenye picha nzuri, wakipigwa mara tatu wanafuta gemu lote.

Kuhusu gemu lenyewe sina mengi. Ni la bure, David White alilianzisha mwaka 2003, na hadi leo watu wa kujitolea wanaliendeleza. Kompyuta yetu ni kuukuu na inalimudu. Ukishalipakua huhitaji bando, na watu wawili mnaweza kupokezana kwenye mashine moja. Linajihifadhi lenyewe kila zamu, kwa hiyo umeme ukikatika na betri ikaisha hupotezi vita nzima.

Utamu wake uko kwenye saa. Siku ya Wesnoth ina zamu sita: alfajiri, asubuhi, mchana, magharibi, kisha mbili za usiku. Askari wa nuru mchana huongezewa robo ya nguvu, na usiku hupunguziwa robo. Wa giza ni kinyume chake. Pigo la 8 linakuwa 10 au linakuwa 6, kutegemea jua liko wapi. Mtu wa dagaa haelezwi jambo hilo mara mbili. Sisi tunajua kwamba nyavu zile zile, mtumbwi ule ule, na vijana wale wale wanaweza kujaza ndoo leo na wiki ijayo wasipate kitu, kwa sababu ya mwezi tu.

Anayeanza namshauri achukue Loyalists. Karibu wote ni binadamu wa mchana, wana kila aina ya askari, na mkuki wao unawahi kupiga hata wanaposhambuliwa. Kosa lao linaeleweka mapema: giza likiingia, rudi nyuma. Mpwa wangu aliwapenda mno, hasa wale wenye deraya nzito na rungu, na ndio waliomfanya ajione hashindiki.

Mimi nikachukua Undead, wafu. Kiunzi cha mifupa kinapunguza makali ya upanga kwa asilimia 40 na ya mshale kwa asilimia 60. Moto na rungu ni kati ya vinavyokivunja. Nyuma yake unaweka mchawi mwanafunzi, Dark Adept. Huyo akisogelewa na mtu wa panga hana cha kujibu, anasimama tu anapigwa, lakini uchawi wake unapata mara saba katika kumi hata adui ajifiche wapi. Kuna na maiti watembeao, wa bei ya chini kabisa, ambao wakimuua mtu anainuka upande wako.

Siku iliyonifanya nilipende jeshi hili tulicheza ramani yenye ziwa katikati. Mpwa alijaza askari wake wa rungu kwenye daraja. Mimi sikwenda darajani. Viunzi vya mifupa vinaweza kutembea chini ya kina kirefu, polepole sana, na wakiwa humo adui hawaoni mpaka awe jirani nao. Nikatuma wawili asubuhi, wakati jua linanidhoofisha na sina kazi nyingine ya kuwapa. Zamu mbili nilirudi nyuma huku namwachia vijiji, ambavyo ndivyo vinavyoleta dhahabu, kimoja kimoja. Mpwa akawa anahesabu dhahabu, anacheka. Magharibi viunzi vikapanda ufukweni nyuma ya ngome yake, na usiku ukaanza kwa upande wangu. Alinyamaza muda mrefu akiangalia kioo. Kisha akasema, "Shangazi, hawa walikuwa wapi?"

Northerners nao ni wa usiku, ila hawana ujanja. Orki wa upanga anauzwa dhahabu 12 tu, unawanunua wengi unawasukuma. Mazimwi yao hujiponya pointi 8 kila zamu bila mganga. Ni jeshi la mtu mwenye haraka, na mimi sina haraka.

Rebels, watu wa msituni, wamenishinda kuwapenda, ingawa najua ni wazuri. Elves wao, ndio hao wa msituni, usiku na mchana ni sawa, kwa hiyo utamu ule wa kusubiri saa unapotea. Wana nguva, na hapo nawapa heshima yao. Askari wa miguu akisimama kwenye maji mafupi, mapigo manane katika kumi yanampata. Nguva palepale yanampata manne. Aliyewahi kusukuma mtumbwi maji yakiwa kiunoni atasema hesabu hiyo ni ya haki.

Knalgans ni vibeti wa milimani pamoja na majambazi. Kibeti akiwa juu ya mlima mapigo saba katika kumi yanamkosa. Nikipandisha kwenda Igogo kati ya yale mawe huwa nawakumbuka, jinsi ambavyo mtu wa juu huhitaji kusogea kidogo tu na wewe wa chini umeshachoka. Lakini wana yule mwendawazimu wa Ulfserker, anayepigana bila kuachia hadi mmoja afe au raundi 30 ziishe. Kwa Dark Adept wangu asiye na silaha ya karibu hicho ni kifo cha hakika. Sikubaliani nacho. Adui mwingine nikikosea ananijeruhi na ninapata nafasi ya kurekebisha. Huyu anafuta kosa na mtu wake kwa bonyezo moja.

Kisha kuna Drakes, majoka yarukayo na kutema moto. Ni wepesi kuliko wote, lakini miili mikubwa: uwandani mapigo saba katika kumi yanawapata, na mkuki na baridi vinawaumiza zaidi. Hata hivyo jeshi hili lina siri. Majoka ni wa mchana, ila wanatembea na mijusi wadogo wa usiku, ambao sisi nyumbani tunawaita kenge. Kenge mmoja mganga anaponya majeruhi huku wenzake wanashika zamu ya giza. Ni jeshi pekee ninalolijua lenye watu wa saa zote mbili chini ya bendera moja, na ndilo gumu kuliko yote kuliongoza, maana kila magharibi lazima ubadilishe nani yuko mbele.

Mpwa amerudi shuleni na kompyuta ameniachia hadi likizo ijayo. Mwezi umeanza kunenepa, wavuvi watapumzika keshokutwa. Nitawachukua majoka na kenge wao, ramani ile ile ya ziwa, nianze asubuhi.